Vidonge vya kupanga uzazi: juu ya nini muuguzi anasema "saa ileile kila siku"?

Muuguzi akikupatia plakete ya vidonge vya kupanga uzazi, anakuambia maneno mawili: meza kila siku, na meza saa ileile. Neno la kwanza watu wengi wanalishika. La pili wengi wanalichukua kama kanuni ya kituo cha afya tu, inaingia sikio hili, inatokea lile. Kuko wanaoogopa kupita kiasi: wakichelewa nusu saa wanafikiri mimba imekwisha kuingia, wanatupa plakete nzima. Na kuko wasioogopa hata kidogo: siku mbili, siku tatu zinapita, kisha wanameza vyote kwa mara moja ili "kulipa deni".

Hawa wote wanakosa kujua kitu kimoja: plakete waliyo nayo ni ya aina gani. Saa haina uzito sawa kwa vidonge vyote. Kwa aina moja, kuchelewa masaa 3 tayari ni hatari. Kwa aina nyingine, masaa 3 si kitu, hatari inaanza pale siku zinaporukwa. Tunaeleza hapa tofauti hiyo, sababu yake ndani ya mwili, na nini cha kufanya wakati saa imepita.

Hesabu inayogusa maisha

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika inchi yetu mwaka wa 2013-2014, ule unaoitwa EDS, ulionyesha kwamba kwa wastani mwanamke wa Congo anazaa watoto 6.6. Kati ya wanawake 100 walio na bwana, 8 tu ndio walikuwa wanatumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Uchunguzi uleule ulihesabu bamama 846 wanaokufa juu ya mimba ao kuzaa, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Nyuma ya hesabu hiyo kuko mimba nyingi zilizokuja haraka sana, mwili wa mama haujapona.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mama angoje angalau miezi 24 kisha kuzaa mbele ya kubeba mimba nyingine. Kwa mama aliyezaa kwa kupasuliwa, ama aliyepoteza damu nyingi, muda huo ni wa kulinda maisha yake.

Vidonge vinaweza kumsaidia vizuri. Kati ya wanawake 100 wanaovimeza bila kukosea hata siku moja, hata mmoja hafiki kupata mimba katika mwaka wa kwanza: ukichukua wanawake 1,000, ni 3 hivi. Lakini namna watu wanavyovimeza kweli nyumbani, pamoja na kusahau, kuchelewa na kuishiwa plakete, karibu wanawake 7 kati ya 100 wanapata mimba katika mwaka huo. Dawa ni ileile. Kinachotoa watu kwenye 3 kwa 1,000 na kuwapeleka kwenye 7 kwa 100 ni siku na masaa yanayopotea.

Geuza plakete yako uisome

Mbele ya mambo yote, jua uko na kidonge gani. Kuko aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni kidonge chenye dawa mbili ndani, estrojeni na projestini. Ndicho kinachotumiwa na watu wengi zaidi. Plakete yake mara nyingi iko na vidonge 28: vidonge 21 vya rangi moja ndivyo vyenye dawa, na vidonge 7 vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya kahawia, havina dawa ya kuzuia mimba. Vile vya kahawia viko na feri ya kuongeza damu, na vinakusaidia usipoteze mazoea ya kumeza. Kuko pia plakete za vidonge 21 tu: ukivimaliza unapumzika siku 7, unaanza plakete mpya.

Ya pili ni kidonge chenye dawa moja tu, projestini. Wauguzi wengi wanakitumia kwa bamama wanaonyonyesha, kwa sababu hakiharibu maziwa. Plakete yake haina vidonge vya kupumzikia. Vidonge vyote, 28 ao 35, viko na dawa, vyote viko rangi moja, na ukimaliza plakete leo unaanza nyingine kesho, hata kama uko mwezini.

Angalia jina la dawa lililoandikwa nyuma. Ukisoma levonorgestrel pamoja na ethinylestradiol, hicho ni cha dawa mbili. Ukisoma levonorgestrel peke yake, 0.03 mg, hicho ni cha dawa moja, na hicho ndicho kikali kwa mambo ya saa. Ukisoma desogestrel peke yake, 0.075 mg, hicho pia ni cha dawa moja, lakini kinavumilia zaidi. Kama herufi ni ndogo ao zimefutika, usikisie. Peleka plakete kwa muuguzi.

Nini kinapita ndani ya mwili

Kidonge cha dawa mbili kinafanya kazi kwa kulaza mfuko wa mayai. Kila siku unapomeza, mwili unapata habari kwamba yai lisikomae. Mfuko wa mayai hauamki kwa masaa machache. Baada ya kumeza vidonge 7 mfululizo, umelala vizuri, na kuchelewa siku moja hakutoshi kuuamsha. Lakini kadiri siku bila dawa zinavyoongezeka, yai linaanza kukua. Likipata nafasi ya kutosha, litatoka.

Kidonge cha dawa moja, kile cha levonorgestrel peke yake, kinategemea zaidi mlango. Kwenye mlango wa kizazi kuko ute. Dawa inaufanya ute huo uwe mzito, mbegu za mwanaume zishindwe kupita. Ute unakuwa mzito haraka, ndani ya masaa machache kisha kumeza, lakini nguvu hiyo inadumu karibu siku moja tu. Masaa 24 yakipita, kisha mengine 3 juu yake, ute unaanza kuwa mwepesi, mlango unafunguka. Ndiyo maana kwa kidonge hiki tunahesabu masaa, hatuhesabu siku.

Kile cha desogestrel kinafanya kazi zote mbili, kinafanya ute kuwa mzito na kinalaza mfuko wa mayai pia. Hivyo kinaruhusu kuchelewa mpaka masaa 12.

Plakete yenyewe ni kalenda

Vidonge vya kwanza vya kuzuia mimba vilikubaliwa na serikali ya Marekani mwaka wa 1960. Wakati huo vilikuwa ndani ya chupa, kama vidonge vingine vyote. Mwanamke alihesabu mwenyewe, na kila mara swali lilikuwa lilelile: leo nimemeza ama sijameza? Bwana mmoja wa jimbo la Illinois, David Wagner, baba wa watoto wanne, alichoka na swali hilo kati yake na bibi yake. Alitengeneza kikopo cha duara chenye siku za juma, kila kidonge na nafasi yake, na mwaka wa 1962 akaomba haki ya kazi yake. Plakete tunazoziona leo zimetoka katika wazo hilo.

Kwa hiyo mishale na siku zilizoandikwa nyuma ya plakete hazikuwekwa kwa urembo. Ukifuata mshale, plakete inakuambia yenyewe kama umemeza. Ukitoa kidonge popote mkono unapofika, kesho hutajua kitu. Na tena, vidonge vya wakati ule vilikuwa na dawa nyingi sana kuliko vya leo. Dawa imepunguzwa ili isisumbue mwili, na hiyo ni vizuri, lakini inataka mtu afuate mpango vizuri zaidi.

Siku mbaya kuliko zote za kusahau

Watu wengi wanafikiri hatari iko katikati ya plakete, kwa sababu walisikia kwamba yai linatoka katikati ya mwezi. Kwa anayemeza kidonge cha dawa mbili, si hivyo. Katikati ya plakete mfuko wa mayai umelala.

Hatari kubwa iko mwanzoni na mwishoni, pale penye zile siku 7 za kupumzika. Siku hizo 7 tayari ni mpaka wa mwisho. Mwili unaweza kukaa siku 7 bila dawa na kinga ikaendelea. Ukiongeza ya 8, ya 9, ya 10, unaamsha mfuko wa mayai wewe mwenyewe. Kusahau vidonge vya mwisho vyenye dawa ni kuanza mapumziko mapema. Kuchelewa kuanza plakete mpya ni kuyarefusha.

Na huku kwetu hiyo ndiyo siku inayopotea kwa urahisi. Plakete imeisha siku ya posho, mama anasema atapita kituoni siku ya kwanza, siku ya kwanza mvua inanyesha, siku ya pili dawa zimeisha kituoni, siku ya tatu ni kilio katika familia. Hakuna aliyesahau kumeza. Plakete ndiyo ilikosa. Dawa ya jambo hili ni moja: unapofungua plakete ya mwisho, anza kutafuta nyingine siku ileile. Omba muuguzi akupatie plakete tatu kwa pamoja kama ziko.

Saa imepita: fanya hivi

Kwa kidonge cha dawa mbili:

Umechelewa masaa, lakini siku nzima haijapita: meza mara unapokumbuka, kingine meza saa yako ya kawaida. Kinga yako haijaharibika.

Umesahau kimoja kizima: meza mara unapokumbuka, hata kama itakufanya umeze viwili siku moja. Endelea. Kinga ingaliko.

Umesahau viwili ao zaidi mfululizo: meza kimoja sasa hivi, vingine ulivyosahau viache. Usilipe deni. Endelea na kimoja kila siku. Tumia kapoti ao jizuie mpaka umemeza vidonge vyenye dawa siku 7 mfululizo. Kama jambo limefika katika juma la tatu, maliza vile vyenye dawa, ruka vya kahawia, ingia moja kwa moja katika plakete mpya. Kama limefika katika juma la kwanza, na ulilala na mwanaume bila kapoti katika siku 5 zilizopita, nenda mara moja ukaulize kidonge cha dharura.

Umesahau vya kahawia: vitupe, haina shida. Lakini plakete mpya ianze siku yake.

Kuko vitabu vya OMS vinavyohesabu hatari kuanzia vidonge vitatu, kwa vidonge vyenye nguvu ya kawaida. Usishangae muuguzi akikuambia tatu. Ukihesabu kuanzia viwili, umejilinda zaidi.

Kwa kidonge cha dawa moja:

Cha levonorgestrel, hujafikisha masaa 3 ya kuchelewa: meza, endelea, kinga ingaliko. Umefikisha masaa 3 ao umepita: meza sasa, kingine kwa saa yake, na tumia kapoti siku 2, muda ute urudi kuwa mzito. Kwa desogestrel fuata njia ileile, ila mpaka wake ni masaa 12. Kama ulilala na mwanaume bila kapoti katika siku 5 zilizopita, uliza muuguzi juu ya kidonge cha dharura.

Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6, maziwa tu bila chakula kingine wala maji, na hajaanza kwenda mwezini, yuko na kinga nyingine ya kunyonyesha kwenyewe. Kuchelewa kwake hakuna uzito sawa. Lakini siku damu ya mwezi itakaporudi, ama mtoto atakapoanza kula uji, masaa 3 yanakuwa sheria.

Kidonge cha dharura, kile watu wanaita cha "lendemain", kinaweza kumezwa mpaka siku 5 kisha kulala pamoja, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ni cha kuokoa siku mbaya, hakiwezi kuwa njia ya kila juma.

Kutapika, kuharisha, na dawa zingine

Kumeza kwa saa hakutoshi kama kidonge hakikukaa tumboni. Ukitapika mbele ya masaa 2 kupita, meza kingine. Malaria ikikulaza, ukatapika ao kuharisha sana zaidi ya siku 2, hesabu siku hizo kama vidonge ulivyosahau, fuata maelezo ya juu na tumia kapoti.

Kuko pia dawa zinazofanya mwili utupe kidonge haraka, hata kama saa umeishika vizuri. Rifampicin, inayotumiwa kwa kifua kikuu, ni moja. Dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital ni zingine, pamoja na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi. Mtu aliye katika matibabu hayo asiache dawa zake. Amwambie muuguzi ili wapate njia nyingine. Amoxicillin, ambayo watu wengi wanaishuku, haiharibu kinga ya kidonge.

Kupata saa yako hapa Mangobo

Muuguzi anasema saa ileile, lakini saa unaitoa wapi? Simu inalia alamu kama iko na moto. Umeme ukikatika siku tatu, alamu inakufa pamoja na simu. Ndiyo maana ni vizuri kufunga kidonge kwenye kitu ambacho hakikatiki.

Jua ni moja ya vitu hivyo. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu hivi ya jioni. Tofauti kati ya mwezi na mwezi haipiti nusu saa. Kwa hiyo mama asiye na simu wala saa ya mkono anaweza kusema: giza likiingia, nameza. Hata kwa kidonge cha masaa 3, hiyo inatosha. Mwadhini wa magaribi anaita wakati huohuo. Wengine wanachagua habari za radio za jioni, wengine mswaki wa usiku. Siku ya mvua nzito, fuata mwadhini ao radio.

Chagua saa ambayo uko nyumbani. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kuuza soko kuu, ama anayevuka mto kwenda Lubunga na kurudi jioni, asichague saa nne ya asubuhi, wakati plakete iko nyumbani na yeye ako mezani kwa bidhaa. Usiku mara nyingi ni bora, na tena kama kidonge kinakuletea kichefuchefu, utakuwa umelala.

Mujiangalie pia na lugha ya saa. Kwa Kiswahili saa mbili ya usiku ndiyo 20h. Muuguzi aliyezoea Kifaransa akisema "saa mbili", anaweza kuwa anafikiri 14h. Mwombe aandike kwenye plakete: 20h.

Na kwa wasafiri: Kisangani, Goma, Bukavu na Bunia ziko na saa moja. Kinshasa iko nyuma saa 1, Kampala iko mbele saa 1. Ukishuka mto kwa balenieri kwenda Kinshasa, kidonge chako cha 20h ya huku kinakuwa cha 19h ya kule. Ukienda kuchukua bidhaa Kampala, kinakuwa cha 21h. Saa moja pekee haiharibu kitu, hata kwa kidonge kikali. Ukiiongeza juu ya masaa mawili ya uchovu wa njia, ndipo masaa 3 yanafika. Na katika safari ya mto ya siku nyingi, beba plakete ya ziada, uitie ndani ya sashe iliyofungwa vizuri, mbali na maji na jua.

Maneno tunayoyasikia

"Nameza siku bwana anaporudi." Kwa aliye na bwana anayefanya kazi machimboni ao kwenye mto, wazo hili linaonekana la akili. Halifanyi kazi. Kidonge cha leo hakikulindi leo. Kinajenga kinga ya siku zinazokuja. Kama bwana anakuja mara moja kwa miezi miwili, meza kila siku hata akiwa mbali, ama chagua njia nyingine.

"Nikimeza viwili, kinga inakuwa mara mbili." Hapana. Utapata kichefuchefu mara mbili.

"Dada yangu aliishiwa, nilimpa vyangu vitano." Sasa ninyi wawili muko bila kinga. Na tena kidonge chako kinaweza kuwa hatari kwake. Mwenye tensio ya juu, mwenye miaka 35 na zaidi anayevuta tumbaku, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni, ama anayeumwa kichwa pamoja na kuona miale machoni, asimeze kidonge cha dawa mbili bila kuonwa na muganga.

"Vidonge vinaziba kizazi, lazima kupumzika miezi." Mapumziko hayo hayana faida. Ukiacha kumeza, uwezo wa kuzaa unarudi haraka. Ndiyo sababu kusahau kunaleta mimba. Kama vidonge vingeziba kizazi, wanaosahau wasingebeba.

"Nilisahau, nikabeba mimba, mtoto atakuwa na kilema." Hakuna ushahidi wa hilo. Acha vidonge, anza kwenda kupima mimba.

Ongeza jambo hili: kidonge, hata ukimeze kwa dakika, hakizuii virusi vya ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kazi hiyo ni ya kapoti.

Plakete iliyofichwa

Kuko bamama wanaoficha plakete ndani ya unga ao chini ya godoro, kwa sababu bwana ama mama mkwe hataki kusikia. Plakete iliyofichwa inamezwa wakati nyumba imelala, ama wakati hakuna mtu, na wakati huo haufiki saa moja kila siku. Siku wageni wamejaa ndani, kidonge kinapita.

Sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu inampa kila mtu aliye katika umri wa kuzaa haki ya kupata njia ya kupanga uzazi, akiisha kuelezwa vizuri. Pale mazungumzo yanapowezekana, mupeleke bwana kwa muuguzi asikie mwenyewe. Bwana anayejua saa ya kidonge ndiye alamu nzuri kuliko zote, hana haja ya moto. Pale yasipowezekana, sema wazi kwa muuguzi. Kuko sindano ya miezi 3, kuko vijiti vya mkononi vya miaka 3 ao 5, kuko kitanzi kinachofika miaka 10 na zaidi. Hizo hazikuombi saa kila siku. Kushindwa kushika saa si aibu. Ni habari ambayo muuguzi anaihitaji ili akuchagulie vizuri.

Maswali matatu ya kupeleka kituoni

Ukienda kituo cha afya kilicho karibu nawe katika zoni ya afya ya Mangobo, ama kwingine uko, peleka plakete yako mkononi na uulize: kidonge hiki ni cha dawa moja ao mbili? Nikichelewa, mpaka wangu ni masaa mangapi? Na plakete inayofuata nitaipata siku gani? Warelais wa jamii, RECO wa avenue yenu, wanaweza kukuonyesha njia.

Lakini usingoje maswali kama unameza vidonge na unasikia maumivu makali ya mguu mmoja ama ya kifua, unakosa pumzi, unaumwa kichwa kikali na macho yanafifia, ama macho yamekuwa manjano. Hayo hayahusu saa ya kidonge. Acha kumeza, tumia kapoti, na ufike kwa muganga siku ileile.